Jioni kama Matini: Usomaji wa Ratiba ya Televisheni ya BBC, Novemba 22 na 23, 1963

IKISIRI

Uhakiki wa televisheni kwa kawaida hukichukua kipindi kimoja kimoja kuwa matini inayojitegemea. Makala hii inayahoji mazoea hayo kwa kuchunguza jioni mbili zilizofuatana za televisheni ya BBC nchini Uingereza: Ijumaa tarehe 22 Novemba 1963, usiku ambao habari za kuuawa kwa Rais John F. Kennedy wa Marekani ziliwafikia watazamaji, na Jumamosi tarehe 23 Novemba, ambapo sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Doctor Who ilirushwa kwa mara ya kwanza na kipindi cha tashtiti cha That Was The Week That Was kikageuka kuwa kipindi cha maombolezo. Uchambuzi umeongozwa na dhana ya mtiririko ya Raymond Williams, ikisahihishwa kwa dhana ya tukio kama inavyotumika katika nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili. Makala inadai kwamba jioni ina kanuni zake za mshikamano. Kwamba kanuni hizo hudhihirika pale zinapovunjwa. Na kwamba hifadhi zilizobakiza vipindi bila jioni zao zimeuachia uhakiki matini iliyopungua.

Istilahi muhimu: jioni, mtiririko, mshono, tukio, ratiba, tashtiti, hifadhi

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kuisoma riwaya iliyochapishwa mwaka 1963 huichukua rafuni na kuanza ukurasa wa kwanza. Mtafiti anayetaka kuisoma jioni ya televisheni ya mwaka huohuo hana ukurasa wa kwanza. Anachokikuta ni ratiba iliyochapishwa katika jarida la Radio Times, vipindi vichache vilivyosalia, kumbukumbu za kiofisi za shirika la utangazaji, na masimulizi ya watu waliokuwa sebuleni. Kwa sababu hiyo uhakiki umechagua njia nyepesi: umekitwaa kipindi kilichosalia, ukakitenga na jirani zake, ukakichambua kama vile kitabu kinavyochambuliwa. Njia hiyo imezaa kazi nyingi nzuri. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana ambayo haijathibitishwa, yaani kwamba mtazamaji wa zama zile alikutana na kipindi, si na jioni.

Hali halisi ilikuwa tofauti. Mtazamaji wa Uingereza wa mwaka 1963 alikuwa na chaneli mbili tu: BBC, na ITV iliyoanza kurusha matangazo tarehe 22 Septemba 1955. Chaneli ya tatu, BBC2, ilizinduliwa tarehe 20 Aprili 1964. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Familia ya kawaida haikuwa na kifaa cha kurekodia, hivyo kilichopita kilikuwa kimepita. Televisheni ilipowashwa wakati wa chai ya jioni, aghalabu iliachwa ikiwaka hadi wimbo wa taifa ulipopigwa kufunga matangazo ya siku. Katika mazingira hayo, kipindi kilipokewa kikiwa kimebanwa baina ya kilichotangulia na kilichofuata.

Maswali mawili yanaiongoza makala hii. Je, jioni ya televisheni inaweza kuhakikiwa kama matini? Na ikiwa inaweza, uhakiki unaotenga kipindi na jioni yake umepoteza nini? Jioni mbili za Novemba 1963 zimeteuliwa kwa sababu ndani yake ratiba ya kawaida ilikatwa na habari ya kifo. Ukuta uliopasuka huonesha jinsi matofali yalivyopangwa. Vivyo hivyo, ratiba iliyokatwa huonesha kanuni ambazo siku za kawaida hazionekani.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Williams (1974) ndiye aliyeweka msingi wa kuitazama televisheni kama mfuatano badala ya mkusanyiko. Kwa maoni yake, kinachotolewa na kituo cha televisheni si orodha ya vipindi vyenye mapengo katikati, bali ni mtiririko uliopangwa, na ndiyo maana watu husema kwamba walikuwa wakitazama televisheni, si kwamba walitazama kipindi fulani. Dhana hiyo ilimjia alipokuwa Miami, akitazama filamu iliyokatizwa mara kwa mara na matangazo ya biashara na vionjo vya filamu nyingine, hata mipaka ya kazi moja na nyingine ikamchanganya.

Wahakiki waliomfuata wamemsahihisha kwa njia mbalimbali. Ellis (1982) anaona kwamba kizio cha msingi cha televisheni ni kipande kifupi chenye ukamilifu wake, na kwamba mtiririko wa Williams unazifuta tofauti ambazo mtazamaji huzitambua vizuri. Feuer (1983) anatilia shaka dhana ya umubashara: televisheni hujinadi kuwa inatokea sasa hivi hata pale ambapo sehemu kubwa ya inachoonesha imerekodiwa zamani, na kujinadi huko ni kazi ya kiitikadi.

Pingamizi jingine linahusu mahali dhana ilipozaliwa. Miami ilikuwa televisheni ya biashara, ambapo tangazo la sabuni huingia katikati ya tamthilia bila kubisha hodi. BBC ya mwaka 1963 haikuwa na matangazo ya biashara. Baina ya kipindi na kipindi palikuwa na sauti ya mtangazaji, saa ya ukutani, na nembo ya dunia inayozunguka. Mipaka haikufichwa, ilitangazwa. Kwa hiyo taswira ya maji yanayotiririka haitoshi. Taswira inayofaa zaidi ni ya mshono: vitambaa viwili vyenye rangi tofauti vimeunganishwa, uzi unaonekana, na bado vazi ni moja. Makala hii inatumia neno mshono kwa maana hiyo.

Nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili inatoa msaada ambao nadharia za televisheni hazikuutoa. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kwa mtazamo huo, ngano iliyoandikwa kitabuni si ngano kamili, kwa kuwa imevuliwa hadhira, mahali na wakati wake. Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kwa muda mrefu kushughulika na kazi ambazo zimepita na kuacha mabaki. Jioni ya televisheni ya mwaka 1963 ni kazi ya namna hiyo. Ilitendwa mara moja, ilikuwa na hadhira iliyokusanyika kwa wakati mmoja, na maana yake ilitegemea nani alikuwa ameketi wapi na nini kilikuwa kimetokea mchana. Tofauti iliyo wazi ni kwamba fanani wa televisheni haisikii hadhira yake. Hata tofauti hiyo, kama sehemu ya nne itakavyoonesha, ina mipaka.

3.0 Jioni Iliyotengenezwa

Jioni haikuwa zao la bahati. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1957 vituo vya Uingereza vilitakiwa kunyamaza kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Kanuni hiyo ilikoma tarehe 16 Februari 1957. Hapo awali serikali ilikuwa imechora ndani ya jioni mstari unaotenganisha watoto na watu wazima. Mstari ulipofutwa, kazi ya kuwavusha watazamaji kutoka upande mmoja hadi mwingine ikawa ya wapangaji wa ratiba.

Jumamosi ndiyo siku iliyoidhihirisha kazi hiyo zaidi. Kipindi cha michezo cha Grandstand, kilichoanza mwezi Oktoba 1958, kilichukua mchana mzima na kufungwa kwa matokeo ya kandanda. Juke Box Jury, kilichoongozwa na David Jacobs kuanzia mwaka 1959, kiliwaweka watu wanne mezani kusikiliza sahani mpya za muziki na kuamua ipi itavuma na ipi itaanguka. Baadaye kilikuja Dixon of Dock Green, tamthilia ya askari wa mtaani iliyoanza mwaka 1955. Usiku wa manane ulipokaribia, tangu Novemba 1962, kilikuja That Was The Week That Was, kipindi cha tashtiti kilichotayarishwa na Ned Sherrin na kuongozwa na David Frost. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki ya umri: baba na matokeo ya kandanda, vijana na muziki, familia nzima na askari mwema, kisha watu wazima na dhihaka dhidi ya wakubwa.

Katika mpangilio huo palikuwa na pengo moja, baina ya Grandstand na Juke Box Jury. Mtazamaji wa michezo hakuwa na sababu ya kubaki, na kijana wa muziki alikuwa hajafika. Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa mkuu wa idara ya tamthilia, alitaka mfululizo utakaoliziba pengo hilo kwa kuwashika wote wawili. Mfululizo huo ndio Doctor Who. Mtayarishaji wake, Verity Lambert, alikuwa na umri wa miaka 27. Mwongozaji wa sehemu za kwanza, Waris Hussein, alizaliwa India. Mwandishi wa mswada wa kwanza, Anthony Coburn, alitoka Australia.

Jambo hili lina uzito wa kinadharia. Sifa za kifani ambazo wahakiki huzitaja kuwa ni upekee wa Doctor Who, kama vile urefu wa takriban dakika 25, taharuki ya mwisho wa kila sehemu, na walimu wawili, mmoja wa sayansi na mwingine wa historia, zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kama majibu ya swali lililoulizwa na ratiba. Walimu waliwekwa ili mzazi aridhike. Taharuki iliwekwa ili mtoto arudi wiki inayofuata. Urefu uliamuliwa na ukubwa wa pengo. Pengo lilitangulia, matini ikafuata. Mhakiki anayeanza na matini na kuiona ratiba kuwa mazingira ya nje anaugeuza mpangilio wa sababu na matokeo.

4.0 Ijumaa: Kanuni Inapovunjwa

Rais Kennedy alipigwa risasi mjini Dallas saa sita na nusu mchana kwa saa za huko, ambayo ni saa kumi na mbili na nusu jioni mjini London. Alithibitishwa kufariki nusu saa baadaye. Kwa hiyo, kwa Uingereza, kifo hicho kilikuwa tangu mwanzo habari ya jioni. Kiliingia sebuleni katika saa ambazo familia zilikuwa tayari zimeketi.

BBC ilikatiza matangazo kutoa habari hiyo. Nembo ya dunia inayozunguka ilioneshwa. Kisha ratiba ikaendelea. Kilichofuata kilikuwa kipindi cha vichekesho cha Harry Worth, mchekeshaji aliyejulikana kwa kuigiza mtu mpole anayewachanganya maofisa, na baada yake tamthilia ya Dr Finlay's Casebook. Wakuu wengi wa shirika walikuwa katika hafla ya chakula cha jioni ya chama cha watayarishaji na waongozaji wa televisheni, na waliobaki studio walifuata karatasi iliyokuwa mbele yao. Simu za malalamiko zilimiminika.

Malalamiko hayo yanastahili kusomwa kama ushahidi wa kihakiki. Watazamaji hawakulalamika kwamba Harry Worth hachekeshi, wala kwamba kipindi chake kilikuwa na maneno machafu. Wiki moja kabla wangekicheka. Walilalamikia ujirani: kicheko kilikuwa kimeshonwa kwenye kifo. Kosa halikuwa ndani ya kipindi chochote. Taarifa ya habari haikuwa na kosa na kichekesho hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mshono. Ikiwa kosa linaweza kuwepo kwenye mshono, basi mshono una kanuni, na palipo na kanuni za mfuatano pana matini inayozidi jumla ya vipindi vyake.

Hoja ya Ellis kwamba kipande ndicho kizio cha msingi inapata hapa kikwazo. Vipande vya Ijumaa ile vilikuwa kamili, kila kimoja kwa nafsi yake, na ukamilifu huo ndio uliowaudhi watu. Harry Worth hakujua kwamba rais amekufa. Kurekodiwa kabla kulimfanya awe kiziwi katika sebule iliyokwisha kusikia. Feuer yuko sahihi kwamba umubashara ni dai zaidi kuliko hali, lakini Ijumaa ile inaonesha kwamba hadhira ililichukua dai hilo kwa uzito wote. Kwa kuwa televisheni ilikuwa imejinadi kuwa inatokea sasa, watazamaji waliidai ijue kilichotokea sasa.

Pia ndipo hadhira, iliyodhaniwa kuwa haina sauti, ilipojibu. Katika usimulizi wa ngano, hadhira inayochoshwa huguna au huondoka, na fanani hubadili mwendo. Simu za Ijumaa zilifanya kazi hiyohiyo kwa kuchelewa. Usiku huo haukurekebishika, lakini uliofuata ulipangwa na watu waliokwisha kusikia kilio cha hadhira yao.

5.0 Jumamosi Jioni: Polisi, Redio na Kibanda

Sehemu ya kwanza ya Doctor Who ilikuwa imerekodiwa tarehe 18 Oktoba 1963 katika studio za Lime Grove, baada ya toleo la majaribio la Septemba kukataliwa. Ilipotazamwa tarehe 23 Novemba ilikuwa na umri wa siku 36. Nayo, kama Harry Worth, haikujua. Masimulizi ya baadaye yamezoea kusema kwamba ilichelewa kwa dakika kumi kwa sababu ya habari za Dallas. Ukweli ni kwamba ilipangwa saa kumi na moja na robo na ilichelewa kwa sekunde 80 hivi. Kukua kwa ucheleweshaji huo katika kumbukumbu za watu kunaonesha kwamba jioni ile inakumbukwa kama kitu kimoja. Tamthilia na kifo vimeunganishwa kiasi kwamba kumbukumbu imedai kifo kiache alama kubwa zaidi kwenye tamthilia.

Sehemu hiyo inaanza usiku wenye ukungu. Askari polisi anakagua kwa tochi lango la yadi ya vyuma chakavu, anaridhika, anaenda zake. Lango linafunguka lenyewe na kamera inaingia mahali ambapo askari hakuingia. Ndani, katikati ya takataka, kimesimama kibanda cha polisi kinachovuma kama mashine. Simulizi inahamia shuleni, ambako walimu Ian Chesterton na Barbara Wright wanajadiliana juu ya mwanafunzi wao, Susan Foreman, anayejua mambo yasiyo ya umri wake na kutojua yaliyo wazi kwa kila mtu. Susan anaonekana akisikiliza muziki wa vijana kwenye redio ndogo ya mkononi. Walimu wanamfuata hadi yadini, wanakutana na babu yake, na wanaingia kibandani kukuta chumba kikubwa kuliko kibanda kinavyoweza kuchukua.

Kikisomwa peke yake, kifungu hiki cha mwanzo ni fani ya kawaida ya kujenga taharuki. Kikisomwa ndani ya ratiba ya kawaida ya Jumamosi za msimu ule, kinapata maana nyingine. Redio ya Susan inatangulia meza ya Juke Box Jury. Msichana anatikisa mabega kwa muziki ambao muda si mrefu watu wanne watauhukumu. Mwalimu wake anautazama muziki huo kwa mashaka ya mtu mzima. Mgogoro wa vizazi ulioko sebuleni umewekwa ndani ya tamthilia kabla haujatokea kwenye chaneli.

Askari wa langoni anafungamana zaidi na jirani yake. Familia iliyoketi mbele ya televisheni Jumamosi ilimfahamu George Dixon, aliyeigizwa na Jack Warner, ambaye alikifungua kipindi chake kwa kuwasalimu watazamaji moja kwa moja kama jirani anayepita mtaani. Kazi ya Dixon ni kuthibitisha kwamba mtaa uko salama. Askari wa Doctor Who anaanza kwa ishara zilezile: taa, hatua za polepole, lango lililokaguliwa. Kisha tamthilia inatuambia kwamba hakuona kitu. Kifaa cha kazi yake mwenyewe, kibanda kilichokuwa kikionekana katika barabara za miji ya Uingereza, ndicho kinachoficha kisichoelezeka. Kejeli hii haiwezi kufanya kazi kikamilifu bila Dixon kuwa karibu. Mtazamaji wa leo anakiona kibanda kile kama nembo ya Doctor Who; mtazamaji wa mwaka 1963 alikiona kama mali ya Dixon iliyoibwa.

Inaweza kupingwa kwamba ufanano huu ni wa bahati, kwamba askari na muziki wa vijana vilikuwa kila mahali katika Uingereza ya wakati ule. Pingamizi hilo lina nguvu dhidi ya dai la nia ya mwandishi, lakini dai la makala hii si hilo. Inatosha kwamba mfululizo uliagizwa uwe daraja baina ya hadhira mbili, na daraja hulazimika kugusa kingo zote mbili. Mwingiliano matini katika televisheni hutokana na ratiba kadiri unavyotokana na mwandishi.

Ushahidi wa mwisho wa sehemu hii unatoka wiki iliyofuata. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na takriban watu milioni 4.4. Ilirudiwa tarehe 30 Novemba, ikifuatiwa papo hapo na sehemu ya pili, na hadhira ikafikia takriban milioni 6. Sababu zinazotajwa ni kukatika kwa umeme katika baadhi ya maeneo na mawazo ya watu kuwa Dallas. Mkanda ulikuwa uleule, dakika zilezile, wahusika walewale. Hata hivyo, tarehe 23 mtazamaji aliachwa na kivuli cha mtu asiyejulikana juu ya nchi kame, kisha akarudishwa kwenye usiku wa msiba. Tarehe 30 kivuli hicho kilipata jibu mara moja. Hakuna mhakiki wa fasihi simulizi atakayesita kuyaita matukio hayo mawili maonesho mawili tofauti ya ngano moja. Uhakiki wa televisheni unayahesabu kama kitu kimoja kwa sababu tu mkanda ni mmoja.

6.0 Jumamosi Usiku: Tashtiti Inaponyamaza

That Was The Week That Was kilikuwa kipindi mubashara. Kilijipatia umaarufu kwa kuwadhihaki mawaziri, maaskofu na BBC yenyewe, na kwa kuacha kamera na mitambo ya studio ionekane. Kila wiki mwimbaji Millicent Martin alikifungua kwa wimbo uliobadilishwa maneno kufuatana na habari za wiki. Tarehe 23 Novemba kipindi kilikuwa kifupi kuliko kawaida, takriban dakika 20, bila mzaha wowote. Millicent Martin aliimba wimbo wa maombolezo uliotungwa na Herbert Kretzmer na David Lee. Mwigizaji mkongwe Sybil Thorndike alisoma shairi la Caryl Brahms lililoelekezwa kwa mjane wa rais. Frost na wenzake walizungumza kwa utulivu.

Kwa vigezo vya utanzu wa tanzia, matini hiyo si kamilifu. Inamsifu marehemu bila kumpima, jambo ambalo kipindi hicho kisingemruhusu mtu mwingine yeyote kulifanya, na mahali pengine hisia zake zinazidi lugha yake. Nguvu yake inatoka nje ya maneno. Inatoka katika Jumamosi zote zilizotangulia, ambapo watu haohao, katika studio hiyohiyo, hawakumheshimu mtu. Mtazamaji aliyezoea kuona kamera na nyaya kama ishara ya utundu aliziona usiku ule kama chumba kisichokuwa na muda wa kupambwa. Kimya cha mcheshi kina uzito kwa aliyemzoea akicheka. Mgeni huona mtu aliyenyamaza tu.

Kipindi hicho kilioneshwa na NBC nchini Marekani siku iliyofuata na kutolewa pia kama sahani ya santuri. Upokezi wake huko ulikuwa wa shukrani: watu wa taifa jingine walikuwa wamelia pamoja nao. Upokezi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa matini nyingine. Mtazamaji wa Marekani hakuwa na Jumamosi zilizotangulia wala Ijumaa ya Harry Worth, hivyo hakuweza kujua kwamba alichokiona kilikuwa pia fidia. Kosa la Ijumaa lilikuwa kicheko mahali pa kilio. Jumamosi waliolipwa mshahara ili wachekeshe walikataa kuchekesha. Jioni ya pili inaijibu ya kwanza, na jibu hilo halimo katika mswada wowote wa tarehe 23.

7.0 Vipindi Bila Jioni

Suala hili lisingekuwa na uharaka kama jioni zingeweza kurejewa. Haziwezi. Katika miaka ya 1960 na sehemu kubwa ya miaka ya 1970 mikanda ya BBC ilifutwa ili irekodiwe upya, kwa kuwa ilikuwa ghali, na kwa kuwa makubaliano na waigizaji yaliweka mipaka juu ya kurudia vipindi. Kati ya sehemu 432 za Dixon of Dock Green, chini ya moja ya kumi zimesalia. Juke Box Jury imesalia kwa matoleo ya kuhesabika kwa vidole. Doctor Who imebahatika zaidi, kwa sababu nakala za filamu zilitengenezwa ili ziuzwe ng'ambo, ingawa sehemu nyingi za miaka yake sita ya kwanza hazipo.

Nakala hizo za ng'ambo ndizo zinazoifungamanisha habari hii na Afrika. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea zilikuwa zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Taarifa zilisema kwamba kazi ya Uingereza imerudi nyumbani. Kwa mtazamo wa makala hii, kilichorudi ni vipindi. Jioni za Jumamosi ambamo vilirushwa mara ya kwanza hazikurudi, na jioni za Nigeria, ambamo filamu hizohizo zilishonwa na vipindi vingine mbele ya hadhira nyingine, hazikuulizwa na mtu. Jos ilitajwa kama ghala, ilhali ilikuwa sebule.

Kuna athari ya kiuhakiki katika hali hii. Kilichosalia huonekana kuwa kikubwa kwa sababu kimesalia. Askari wa langoni amebaki, Dixon wengi wamefutwa, na kadiri Dixon anavyosahaulika ndivyo kejeli ya askari wa langoni inavyofifia na kuonekana pambo. Hifadhi inayochagua vipindi bora huamini kwamba imeokoa fasihi. Kwa hakika imeokoa nusu ya sentensi. Maana ya kipindi bora ilishikiliwa na vipindi vya kawaida vilivyokizunguka, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kufutwa.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha mambo matatu. Kwanza, jioni ya televisheni ina kanuni za mshikamano ambazo hadhira inazijua na kuzitetea, kama malalamiko ya tarehe 22 Novemba 1963 yanavyothibitisha. Pili, kipindi kinaweza kuzaliwa na ratiba na kubeba alama za jirani zake, kama ilivyo kwa sehemu ya kwanza ya Doctor Who. Tatu, thamani ya matini inaweza kutegemea jioni zilizotangulia kiasi kwamba ikihamishwa inakuwa matini nyingine, kama ilivyokuwa kwa maombolezo ya That Was The Week That Was. Dhana ya mtiririko inabaki na manufaa, ila kwa televisheni isiyo na matangazo ya biashara inahitaji kukamilishwa na dhana ya mshono, na mshono hausomeki bila kulizingatia tukio, mahali na wakati.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa televisheni waanze na ratiba ya siku kabla ya kukiendea kipindi, na kwamba hifadhi za utangazaji, popote zilipo, zitunze sauti za watangazaji, saa, nembo na vipindi vya kawaida kwa uangalifu uleule unaotumika kwa tamthilia mashuhuri. Watafiti wa fasihi simulizi wa Kiswahili, waliozoea kuuliza nani alisimulia, kwa nani, wapi na lini, wana zana za kuifanya kazi hiyo, na hawana sababu ya kungoja zana hizo ziazimwe kutoka kwingineko.